Fuata wenye kukimbia: historia fupi ya uwanja wa ndege kwa mtu mwenye pasipoti yetu



Siku ya kutoka Bukavu kwenda Kigali kupanda ndege, mama mudogo alinisindikiza mpaka Ruzizi. Mwenyewe hajawahi kupanda ndege, lakini alinipa shauri kwa sauti kubwa mbele ya watu: “Ukifika kule Bulaya na unapotea, fwata benye banakimbia. Mutu hawezi kimbia kama hajue kwenye anaenda.”

Nilikuwa naenda Uholanzi kwa mafunzo ya majuma matatu, kule Wageningen, mji ambao kila mtu wa agronomi anaujua hata kama hajaufika. Ndege ilishuka Schiphol, uwanja wa Amsterdam, asubuhi mapema. Milango ikafunguka, na kweli watu wakaanza kukimbia. Mimi na mfuko wangu mgongoni, nikawafuata. Tukapita maduka, tukapita mikanda ile inayotembea chini ya miguu, tukafika kwenye mstari mrefu. Nikasimama karibu nusu saa. Nilipofika mbele, kijana mmoja akaangalia karatasi yangu akaniuliza: ndege yako ya pili ni ya saa ngapi? Nikamwambia sina ndege ya pili, mimi nimefika. Akacheka kidogo, akaonyesha kidole nyuma kabisa, kule nilikotoka.

Kumbe wenye kukimbia ni watu wa tranziti. Mtu aliyefika hana sababu ya kukimbia.

Aibu ile ndiyo ilinifanya nianze kusoma historia ya viwanja vya ndege. Nataka niwaambie nilichokipata, juu wengi kati yenu mnatafuta bourse na stage, na siku moja mtasimama pale niliposimama.

Tuanze na udongo, sawa vile inavyomfaa mtu wa fakilte yangu. Mahali pale Schiphol iko palikuwa ziwa. Liliitwa Haarlemmermeer. Mwaka 1573 meli za Wahispania na za waasi wa Kiholanzi zilipigana vita juu ya maji yale. Ziwa lilikuwa linakula mashamba ya kando, na mwaka 1836 dhoruba mbili zilisukuma maji yake mpaka karibu na Amsterdam na Leiden. Hapo serikali ikakata shauri la kulikausha. Walizungusha mfereji pembeni, wakaweka mashine tatu kubwa za mvuke, na mwaka 1852 ziwa likaisha. Likabaki shamba la hektari kama 18.000. Ndege za kwanza za kijeshi zilishuka kwenye udongo ule tarehe 19 Septemba 1916, na ulikuwa udongo wa mfinyanzi wenye matope mengi. Mpaka leo abiria anashuka pale akiwa mita kama 3 chini ya usawa wa bahari, na pampu hazijaacha kufanya kazi. Sisi tunaoona mabonde yetu yanajaa maji kila mvua, tukumbuke hiyo.

Siku zile za kwanza hakukuwa na terminali ya kupotea ndani. Tarehe 17 Mei 1920, ndege ya kwanza ya kampuni ya KLM ilitoka London ikafika Schiphol na abiria wawili tu, waandishi wa magazeti, pamoja na fungu la magazeti. Nani atapotea kama mko wawili?

Na sisi? Miaka mitano nyuma yake, tarehe 12 Februari 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili walitoka Bruxelles kwenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Walifika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Leo tunanung'unika tukikaa saa 8 kwenye eskale. Thieffry mwenyewe alirudi Kongo kutafuta njia za ndege za ndani, akafa kwa ajali karibu na ziwa Tanganyika mwaka 1929.

Kisha vita kubwa ikaja, ndege zikawa kubwa, watu wakawa wengi. Tarehe 7 Desemba 1944, nchi 52 zilitia sahihi mapatano ya Chicago, yale yanayoongoza usafiri wa ndege za kiraia mpaka leo. Mwaka 1949 ikaongezwa sehemu inayoitwa Nyongeza ya 9, yenye kazi ya kurahisisha mapito ya abiria. Hapo wazo la tranziti likapata nguvu: mtu anayepita tu, asiyetaka kuingia nchini, abaki ndani ya uwanja kisha aendelee na safari yake, bila kumsumbua sana kwa karatasi. Shikeni wazo hilo, nitalirudilia.

Mwezi wa Aprili 1967 Schiphol ilifungua terminali mpya, kazi ya msanifu Marius Duintjer. Ilikuwa nyumba moja yenye mikono mirefu inayotoka nje, ndege zinasimama kando ya mikono ile. Shida ikawa: mtu ambaye hajawahi kufika atajuaje mkono wake? Kazi hiyo akapewa mchoraji Benno Wissing. Alichagua rangi. Kibao cha njano kinakuambia unakokwenda: ndege, valizi, kutoka. Vitu vingine vya huduma, kama choo na chakula, vikapewa rangi tofauti. Na alikataza matangazo ya biashara yasishindane na vibao. Baadaye, kwenye miaka ya 1990, mwenzake Paul Mijksenaar aliitengeneza upya kazi hiyo: njano yenye maandishi meusi kwa safari, kibao cheusi chenye maandishi ya njano kwa huduma. Viwanja vingi vya dunia vilifuata mtindo huo, na vya New York vilimwita Mijksenaar mwenyewe.

Donc, ndugu, siri ni hii: terminali kubwa haiombi ujue kukimbia, inaomba ujue kusoma. Kama ningesimama dakika mbili chini ya kibao cha njano, ningeona njia mbili zimeandikwa wazi: moja ya wenye kuunganisha ndege, moja ya wenye kuchukua valizi na kutoka. Herufi ni mkono, namba ni mlango. Rangi nyeusi unaisahau mpaka ukisikia njaa. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

Lakini hapo ndipo hasira yangu inaanza, juu vibao vinasema nusu tu ya ukweli.

Niko na mwenzangu wa promosheni, sitamtaja jina. Alikuwa wa kwanza katika mwaka wetu. Alipata nafasi ya stage ya miezi sita huko Brazil, kwenye utafiti wa muhogo. Viza ya Brazil akapata. Baba yake akauza ng'ombe wawili, wajomba wakaongeza, tiketi ikalipwa. Tiketi ilikuwa inapitia uwanja mmoja wa Ulaya, saa 5 za kungoja, kisha kuendelea. Pale wanapopima valizi, mbele hata ya kupanda ndege ya kwanza, mfanyakazi aligeuza pasipoti yake, akaangalia mashine, akamwambia: huna viza ya tranziti ya uwanja. Yeye akajibu: siingii Ulaya, nitakaa ndani tu kwenye kiti. Akajibiwa: hata kwenye kiti.

Alirudi na valizi yake. Tiketi haikurudishwa. Mbele apate njia nyingine, nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Leo anazalisha mbegu Walungu, anafanya vizuri, lakini jina la Brazil hatulitaji tukiwa naye.

Je, sheria hiyo ilitoka wapi? Nilitafuta. Tarehe 4 Machi 1996, nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwa pamoja orodha ya nchi 10 ambazo watu wake wanahitaji viza hata kwa kupita tu ndani ya uwanja. Katika hizo 10 kuna jina Zaïre. Mwaka uliofuata Zaïre ikaisha, tukarudilia jina Kongo. Mwaka 2009 Umoja ule ukaandika sheria moja ya viza, na orodha ikawa ya nchi 12. Tuko ndani tena, safari hii kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bendera ilibadilika, wimbo wa taifa ulibadilika, pesa ilibadilika. Mstari wetu kwenye orodha ile haukubadilika.

Na kwa nini anayemzuia mtu ni mfanyakazi wa kampuni ya ndege, siyo polisi? Juu mapatano ya Schengen ya mwaka 1990 yaliwapa wasafirishaji mzigo huo: ukileta mtu asiye na karatasi, wewe ndiye unamrudisha, tena unalipa. Mwaka 2001 wakakaza: faini inaweza kufika euro 3.000 ao 5.000 kwa kila abiria. Basi yule dada wa kaunta anaogopa faini, na hana ruhusa ya kukuhurumia. Mpaka wa Ulaya haukumngoja mwenzangu kule ng'ambo. Ulikuja kumpokea hapa kwetu, kwenye mizani ya valizi.

Kwa hiyo ndani ya terminali moja kuna ramani mbili. Moja imeandikwa njano na nyeusi, kila mtu anaiona, imetengenezwa kwa akili na kwa heshima ya abiria, na mimi naisifu. Nyingine haina kibao. Imeandikwa ndani ya pasipoti. Tangu tarehe 26 Machi 1995, nchi za kwanza za Schengen zilipoondoa ukaguzi kati yao, viwanja vyao vilipaswa kugawanywa: huku wenye safari za ndani ya Schengen, huku wengine. Wazo la mwaka 1949, la kumwacha mpita njia apite, limebaki kwa watu wengi wa dunia. Kwetu limewekewa kufuli.

Sisemi kila nchi isilinde mlango wake. Hata sisi kwenye kilimo tunajua karantini. Mama mudogo alitaka nibebe avoka sita kwa binamu yake aliye Rotterdam, nikakataa, juu tangu tarehe 14 Desemba 2019 Ulaya inaomba cheti cha afya ya mimea karibu kwa kila tunda bichi. Ndizi, nanasi, nazi, tende na durian tu ndizo zinapita bila cheti. Hiyo ninaielewa: wadudu wanasafiri ndani ya avoka. Lakini karantini nzuri inapima tunda. Haisemi kwamba kila tunda la nchi fulani limeoza, miaka nenda rudi, bila kulikata.

Bon, mpaka orodha ile ibadilike, kazi yetu ni kuijua. Ninawaachia mambo manne tu.

Mbele ya kulipa tiketi, uliza eskale iko wapi. Kama iko Ulaya na huna viza ya Schengen, angalia sheria ya tranziti ya nchi ile kwa sisi Wakongo. Viza halali ya Marekani, Canada ao Japani inaweza kukusamehe, lakini viza ya Brazil haisaidii. Mwenzangu angepitia Addis Ababa, leo angekuwa na diploma yake.

Karatasi za mwaliko, za mahali pa kulala na tiketi ya kurudi, ziwe mkononi, zisiwe ndani ya valizi kubwa. Mimi niliulizwa zote tatu.

Maji, mafuta na pilipili ya majimaji ziende kwenye valizi inayopimwa. Sheria ya mililita 100 ilianza Ulaya mwezi wa Novemba 2006, nyuma ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London mwezi wa Agosti mwaka ule, na haichagui pasipoti.

Na ya nne: ukishuka, simama. Waache wakimbie. Inua kichwa, soma kibao.

Niliporudi, nilimweleza mama mudogo kwamba shauri lake lilinipoteza nusu saa. Alifikiri kidogo, akaniuliza: “Na ule mwenzako wa ng'ombe mbili, yeye alifwata nani?” Sikuwa na jibu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu, wala mimi. Ndiyo sababu nimeandika haya. Mwenye tiketi ya kulipa juma hili, aniulize mbele ya kulipa.