Samaki wa Katikati Hakuchaguliwa kwa Urembo

Kila tangi dogo la samaki lina staa wake. Mnajua vile inakuwa: tetra kumi wanapita pita huko nyuma, konokono wawili wamejibandika kwa kioo, halafu katikati kuna mmoja ambaye mgeni akiingia sebuleni lazima aulize, "Na huyu anaitwa nani?" Hapa Nairobi mara nyingi huyo mmoja ni betta, yule wa mapezi marefu kama gauni la harusi. Asipokuwa betta ni gurami. Na kama mwenye tangi alikuwa na haraka, ni samaki malaika, yule bapa mwenye umbo la pembe tatu. Miezi sita baadaye malaika amekua, na mwenye tangi anashangaa tetra wake wameenda wapi. Wameliwa, msee wangu.

Tunapenda kuamini kwamba tunachagua kwa macho. Rangi imeweza, bei inaingia mfukoni, basi. Mimi nasema macho yetu yalifika mwisho kabisa. Kabla yetu, meli ilikuwa imeshachagua.

Turudi nyuma kidogo. Uingereza, 1845, serikali inafuta ushuru wa kioo. Kioo kinakuwa rahisi, na watu wanaanza kukifanyia mambo ambayo hapo awali yalikuwa ya matajiri tu. Mwaka wa 1850 mkemia wa London, Robert Warington, anawaeleza wenzake jaribio lake: ameweka samaki wa dhahabu, mmea wa majini na konokono ndani ya chombo kimoja, na vyote vinaishi. Mmea unatoa oksijeni, uchafu wa samaki unalisha mmea, konokono anakula majani yanayooza. Ukiangalia vizuri, hilo ndilo tangi lako la leo, toa pampu na taa. Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Ikawa fasheni. Sebule bila tangi ilionekana ni sebule ya watu walioachwa nyuma.

Lakini staa angetoka wapi? Samaki wa dhahabu alikuwa ameshafika Ulaya kutoka China tangu karne ya 17, watu walikuwa wamemzoea. Samaki wa mito ya Uingereza wengi ni rangi ya matope. Watu walitaka kitu cha mbali, kitu cha kushangaza majirani. Shida ni safari. Fikiria pipa la maji ndani ya meli, wiki baada ya wiki, jua kali, maji hayabadilishwi vizuri. Oksijeni inaisha. Samaki wa kawaida anakufa kabla hata hajaona pwani ya pili.

Sasa 1869, Paris. Pierre Carbonnier anapokea samaki kutoka China. Wengi walikufa njiani, wachache wakafika hai, na hao wachache wakabadilisha historia yote ya tangi la nyumbani. Wanaitwa samaki wa paradiso, kwa jina la kisayansi *Macropodus opercularis*. Wana mistari ya bluu na nyekundu na mkia kama utepe. Wazungu waliona urembo. Mimi naona kitu kingine: karibu na matamvua yao kuna kiungo cha ziada, chenye mikunjo mikunjo, ambacho kinawawezesha kupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja, vile mimi na wewe tunafanya. Ni samaki wa mashamba ya mpunga na mitaro, wa maji ya moto yasiyo na oksijeni. Kwa samaki kama huyo, pipa la meli ni nyumbani tu, nyumbani pabaya.

Hapo ndipo kila kitu kiliamuliwa. Carbonnier aliwazalisha. Dume hutengeneza kiota cha mapovu juu ya maji na kulinda mayai kama askari wa geti, na Paris nzima ikapenda hiyo sinema. Waliofuata walikuwa wa ukoo huo huo: gurami wa Bara Hindi, halafu betta wa Siam. Wote wanavuta hewa. Angalia orodha yoyote ya "samaki staa wa tangi dogo" leo na utakuta nusu yake ni ukoo wa wavuta hewa. Si sadfa. Ni watoto wa wale waliomaliza safari.

Betta ana hadithi yake peke yake. Siam, yaani Thailand ya leo, watu walimfuga kwa mapigano na pesa iliwekwa juu ya meza. Inasemekana mwaka wa 1840 samaki wa mfalme Rama III walimfikia daktari mmoja, Theodor Cantor, na ndivyo wanasayansi wa Ulaya walivyoanza kumwandika. Jina *Betta splendens* lilikuja 1910 kutoka kwa Charles Tate Regan. Lakini yule wa porini hana gauni lolote. Ni mdogo, kahawia-kijani, mapezi mafupi. Hayo mapezi ya bibi harusi ni kazi ya mikono ya wafugaji, kizazi baada ya kizazi, kwanza kwa vita na baadaye kwa maonyesho. Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mnamo 2019, na mimi nawaelewa kabisa. Huyo ni kazi ya sanaa yao.

Na sasa ile sehemu inaniuma. Ule uwezo wa kuvuta hewa, uliomfikisha duniani kote, ndio umekuwa laana yake. Kwa sababu hafi haraka, anauzwa kwa kikombe. Anawekwa kwa chupa ya maua. Mtu anakwambia, "Huyu hahitaji kitu, ni mgumu." Kuvumilia si kuishi. Betta anahitaji maji ya nyuzi 25 hivi au zaidi kidogo, na Nairobi mwezi wa saba maji ya tangi lisilo na hita yanashuka chini sana ya hapo usiku. Mombasa na Kisumu mna bahati, nyinyi mnaweza hata kusahau hita ipo. Sisi wa huku juu, stima ikipotea usiku wa baridi, tunafunika tangi na blanketi na kuomba. Cha kuchekesha ni kwamba yule samaki wa paradiso wa 1869 anastahimili baridi ya Nairobi kuliko wote. Lakini ni mkorofi noma, atawachapa wenzake wote, kwa hivyo tangi la jumuiya, lile la kuchanganya aina, limuepuke.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia meli ilinyang'anywa kazi. Ndege na mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni vilifanya samaki yeyote aweze kusafiri, hata wasiovuta hewa. Hapo ndipo dunia ilipogundua Afrika. Kutoka Ziwa Malawi wakaja mbuna, na hadi leo mfugaji wa Ujerumani au Marekani anasema "mbuna" bila kujua kwamba anaongea lugha ya wavuvi wa Kitonga. Burundi, miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard akawa anawasafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika. Mmoja wao anaitwa *Neolamprologus brichardi*, kwa heshima yake. Wavuvi waliokuwa wanamjua huyo samaki kabla yake hawakuwekwa kwa jina.

Na sisi? Sisi tulikuwa na fulu. Ukitoka Nyanza unalijua hilo neno, fulu ni wale samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa juani. Kumbe ndani ya hao "wadogo tu" kulikuwa na spishi mamia, madume yenye nyekundu, bluu na njano ambazo hazipatikani kwa duka lolote. Mmoja kutoka upande wa Mwanza alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na leo anaitwa *Pundamilia nyererei*. Ndiyo, Pundamilia, Kiswahili ndani ya jina la kisayansi. Anatafutwa na wafugaji wa Ulaya. Hapa mtaani uliza vijana kumi kama wanamjua.

Kuanzia miaka ya 1950 mbuta aliingizwa Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Kadirio linalotajwa sana ni kwamba spishi kama 200 za fulu zilitoweka. Si mbuta peke yake. Mbolea na maji taka yalifanya ziwa kuwa la kijani na matope, na hapa ndipo mambo inakuwa ya kushangaza: jike la fulu humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu haoni vizuri, anazaa na dume wa spishi nyingine, na spishi mbili zinayeyuka kuwa moja. Rangi tunayoiita pambo, kwao ilikuwa kitambulisho.

Kwa hivyo nani akae katikati? Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, na ukiweka mchanga na mawe zinapungua. Ningependa sana kusema fulu. Siwezi. Dume la fulu linataka eneo lake, na kwa lita 54 eneo lake ni tangi zima. Hao wanataka lita 200 kwenda juu, na mwenye tangi anayejua anafanya nini. Malaika pia hapana, anakua mkubwa mno kwa tangi hilo. Gurami mdogo wa bluu na nyekundu ni mrembo, lakini wa mashamba makubwa huwa wanatembea na kirusi ambacho hakina dawa, kwa hivyo ukimkuta amefifia au ana vidonda, mwache dukani hata kama bei imeshuka.

Chaguo langu ni gurami wa asali, *Trichogaster chuna*. Sentimita tano hivi, mpole, hagombani na tetra. Dukani anaonekana wa kawaida kabisa, manjano ya chai ya maziwa, ndiyo maana watu wanampita. Mpe mwezi mmoja, mimea inayoelea na maji ya joto, na dume anawaka rangi ya asali, koo likigeuka karibu jeusi akitaka kuzaa. Betta ni chaguo la pili, dume mmoja tu, bila gapi wenye mikia mirefu maana atawadhania wapinzani.

Na fulu bado wapo, kwa wanaotaka kuwaona. Ziwa Kanyaboli huko Siaya, nyuma ya mafunjo ya Yala ambapo mbuta hakupita, wanaishi fulu ambao Ziwa Victoria lenyewe limewapoteza karibu kabisa. Mmoja wao wafugaji wa nje wanamwita fulu wa Krismasi, kwa sababu ya nyekundu na kijani chake. Jina la Kijaluo, kwenye tangi la Marekani. Kutoka Kisumu si mbali, nauli ni chini ya bei ya hita.