Mzizi wa wanawake wa Huánuco

Mwaka 2026 inatimia miaka 230 tangu Hipólito Ruiz, mtaalamu wa mimea kutoka Hispania, atoe tasnifu ya kuusifu mzizi wa Peru uitwao ratania kuwa dawa ya kipekee ya kuzuia damu. Jina lake halikosekani katika historia ya dawa hiyo. Waliomfundisha hawatajwi kwa majina.

Akiwa Peru na msafara wake wa utafiti wa mimea, Ruiz alikuwa amekwisha kukiona kichaka kifupi chenye mzizi huo kwenye miteremko mikavu ya Andes, akakiorodhesha na kupita. Mwaka 1784 ndipo alipowakuta wanawake wa mji wa Huánuco wakisugua meno kwa mzizi huo, kama sisi tutumiavyo mswaki, ili fizi zikaze. Ukakasi wake ndio uliomfumbua macho: kinachokaza fizi huenda kikakaza na kidonda kinachovuja damu. Ukakasi huo hutokana na tanini, ambazo hushikamana na protini za ngozi laini, nayo ikajikunyata.

Miaka miwili iliyofuata iliandamwa na balaa. Mwezi Agosti 1785 moto ulizuka katika shamba la Macora alikokaa Ruiz, ukateketeza shajara zake na mimea iliyokaushwa kwa miaka. Februari 1786 meli ya San Pedro de Alcántara, iliyobeba makasha mengine ya msafara wa Ruiz pamoja na fedha za Peru, iligonga miamba ya Peniche, Ureno. Watu wengi walikufa na makasha yakazama. Karatasi ziliungua, mimea ikaozea baharini, lakini wanawake wa Huánuco waliendelea kusugua meno yao asubuhi. Elimu yao haikuwa ndani ya makasha. Kwangu mimi, hao ndio wenye dawa.

Katika karne ya 19 mzizi ulienea katika maduka ya dawa ya Ulaya: wa kusukutua kinywa, wa kuzuia kuhara na damu ya bawasiri. Wauza mvinyo nao waliutia kwenye mvinyo wa Porto ili kuuongezea ukali.

Leo bado unachimbwa porini Peru kwa ajili ya dawa za kinywa za Ulaya. Kuulima ni vigumu, maana hunyonya sehemu ya chakula chake kwenye mizizi ya mimea jirani, na ukishang'olewa umekufa. Mchimbaji anaweza kuacha vichaka vichanga na kufukia mbegu mbivu katika shimo lilelile. Hiyo ni kazi, na kampuni zinazonunua mzizi zinapaswa kuilipia ndani ya bei ya kila kilo.