Nani anastahili kipande ya bustani? Orodha ya Waingereza, na yetu

Leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea. Tuongelee karatasi. Juu kila mara watu wanagawana udongo ya pamoja, mbele jembe iguse chini, kuko mutu ameisha kuandika orodha. Kuko jina inaingia, kuko jina inabakia inje. Kwenye auditoire tulifundishwa pH, erozyo, mzunguko wa mimea, na ilikuwa muzuri. Lakini nani aliandika ile orodha, na juu gani, hakuna kozi ilituambia.

Mfano yenye naijua vizuri inatoka mbali, Uingereza. Kule, mutu wa muji anaweza kukodi kwa komine kipande ya bustani, kwa kawaida metre carré 250 hivi, alime mboga za nyumba yake. Leo inaonekana kama mchezo wa wazee wa pensheni. Haikuanza kama mchezo.

Zamani vijiji vya kule vilikuwa na mashamba ya wote: pa kulishia ng'ombe moja, pa kuokota kuni, pa kuachilia bata. Masikini hakuwa mwenye udongo kwenye karatasi, lakini alikuwa na haki ya kupita na kutumia, juu baba yake alikuwa nayo. Kisha, zaidi kati ya mwaka 1750 na 1850, bunge ikapitisha maelfu ya sheria, kila moja ya eneo yake, za kufunga ile mashamba kwa ua na kuigawa kwa wenye haki iliyoandikwa. Mwenye udongo mingi akapewa mingi. Mwenye mazoea tu, bila karatasi, akapata kidogo sana ao hakupata kitu. Mutu wa Kivu hahitaji nimufasirie zaidi hapo.

Hapa na pale mutu alisimama. Kwenye kijiji ya Great Somerford, jimbo ya Wiltshire, wakati wa kufunga mashamba, padri Stephen Demainbray aliomba sehemu ya udongo ibakie kwa masikini. Ile bustani ilifunguliwa mwaka 1809, na mpaka leo watu wanalima pale. Lakini padri moja hawezi kulisha inchi nzima.

Mwaka 1830 vibarua vya kusini walichoka. Mshahara ilikuwa chini, mashine za kupura ngano zilikuwa zinawanyanganya kazi ya siku za baridi, na njaa ilikuwa nyumbani. Wakavunja mashine, wakachoma ngano, wakatuma barua za vitisho zenye sahihi ya "Captain Swing", mutu asiyekuwako. Serikali ikanyonga wamoja na kutuma mamia kwa meli mpaka Australia. Na wakati ile ile, matajiri wengi walianza kuona kama kipande ya bustani ni bei ndogo kuliko moto. Kwa ile miaka kumi iliyofuata, bustani za kukodi ziliongezeka sana.

Sasa angalia orodha. Nani alistahili? Kibarua wa parokia, mwenye familia, mwenye "tabia njema". Na tabia ilikuwa imeandikwa. Kwa mahali mingi mkataba ilisema: mpangaji ataonekana kanisani, hatafanya kazi kwenye kipande yake siku ya mungu, hatalima saa za kazi ya bwana yake, atatumia jembe ya mkono tu, hapana plau. Akikamatwa kwa wizi, ao kuwinda sungura ya tajiri, kipande inarudi. Na pengine, akipokea musaada ya masikini kutoka parokia, anafukuzwa vilevile. Musikie vizuri hii ya mwisho: bustani ya masikini ilikuwa ya masikini asiyeomba.

Wakulima wakubwa walikuwa na woga zao pia. Walisema kibarua akiwa na viazi zake, atachokea kule na kuja kwao bila nguvu. Ataiba mbegu. Na woga yenye hawakupenda kusema kwa sauti: mutu mwenye kula nyumbani kwa wiki mbili anaweza kukataa mshahara mbaya kwa wiki mbili. Njo juu kipande ilibakia ndogo. Wengi walisema wazi kama robo ya ekari, ni kusema are 10, ni mwisho: ya kutosha kusaidia tumbo, isiyotosha kumufanya mutu awe mkulima. Kama mutu wa agronomi, hii inanigusa. Tunazoea kufikiri kama ukubwa wa parseli inatoka kwenye hesabu ya mavuno na midomo ya nyumba. Mara mingi inatoka kwenye hesabu ya nani hapaswi kusimama yeye mwenyewe.

Mwaka 1845 bunge ikaandika sheria ya jumla: kila mara mashamba ya wote inafungwa, wale wa kamati wanaweza kuamuru sehemu iachwe kwa bustani za "masikini wa kazi". Karatasi muzuri kabisa. Miaka kama 25 ilipita, na zaidi ya ekari 600,000 zilikuwa zimefungwa. Zenye ziliachwa kwa bustani? Ekari 2,200 hivi. Piga hesabu yako. Sheria ilisema nani anastahili, haikusema nani anakamatwa kama hakumupa.

Kilichobadilisha mambo haikuwa huruma, ilikuwa kura. Mwaka 1884 wanaume wengi wa vijiji waliingia kwenye orodha ya wapiga kura. Mara moja wanasiasa wakakumbuka kama kibarua anakula. Jesse Collings, mbunge, alikuwa anatembea na neno ya "ekari tatu na ng'ombe moja". Hakuna mutu alipewa ng'ombe, lakini mwaka 1887 sheria ikapita yenye ililazimisha wakubwa wa eneo watafute udongo kama watu wanaihitaji. Mwaka 1908 ile sheria zote zikakusanywa ndani ya moja, na ile ya 1908 ingali mguu wa kazi mpaka leo.

Ndani yake kuko kifungu naipenda sana. Watu sita, walioandikwa kwa kura ao wanaolipa kodi ya eneo, wakiandika barua pamoja kuomba bustani, komine inalazimika kuichunguza. Sita tu. Hapana chama, hapana godfather, hapana "mjuane na nani". Na angalia ile "ao": wanawake hawakuwa na kura ya bunge mpaka 1918, lakini mjane mwenye nyumba alilipa kodi, basi jina yake ilihesabiwa.

Ile sheria pia iliandika namna ya kupoteza kipande. Usipolipa siku 40, wanaweza kukupa mwezi moja ya kutoka. Ukihama na kuishi zaidi ya maili moja inje ya eneo, vilevile. Na huwezi kupangisha mwingine kipande yako bila ruhusa ya komine. Kwa mimi hii ya mwisho njo dawa kubwa ya yote. Bila ile, mutu moja mwenye pesa anakodi vipande ishirini kwa majina ya wapwa, kisha anawauzia wamama udongo ya wote kwa bei yake. Hamuijui ile filamu?

Lakini mpaka hapo orodha ilikuwa ingali na mlango moja: bustani ilikuwa ya "watu wa kazi ya mikono". Mwalimu, karani, muuguzi, hapana. Vita ya kwanza ikavunja ule mlango. Meli za Wajerumani zilizamisha vyakula baharini, mwisho wa 1916 serikali ikaruhusu kuchukua viwanja bila kungoja mwenyewe akubali, na vipande vikapanda kutoka 600,000 hivi mpaka karibu milioni moja na nusu. Hata mfalme George V aliacha maua zing'olewe mbele ya jumba yake, mahali pake wakapanda viazi na kabichi. Wakati njaa inagonga kwa wote, kila mutu akawa mutu wa kazi. Na 1919, askari wakirudi, sheria ikafuta lile neno. Tangu hapo haiulizi tena kama mikono yako ni ya kibarua.

Basi inauliza nini? Sheria ya 1922 ilifasiria: bustani ya kukodi ni kipande isiyozidi ile robo ya ekari, yenye mwenyewe analima, zaidi kwa mboga na matunda ya kuliwa na yeye ao familia yake. Kutoka "wewe ni nani" wakaenda kwa "unafanya nini nayo". Inaonekana kama neno ndogo ya wanasheria. Kwa mtazamo yangu njo mgeuko mkubwa wa ile historia yote, juu matumizi unaweza kuiona kwa macho ukipita njiani. Tabia ya mutu, ni padri na bwana tu walikuwa wanaihukumu.

Mwaka 1925 wakaongeza: udongo yenye komine ilinunua kwa bustani haiwezi kuuzwa bila ruhusa ya waziri. Mwaka 1950: mpangaji anapaswa kujulishwa miezi 12 mbele ya kutolewa, na tena siyo katikati ya majira ya mazao. Na loyer iwe ile mpangaji wa kawaida anaweza kulipa, komine ikiwa na haki ya kupunguza kwa mwenye shida. Hata kuku na sungura ziliruhusiwa, lakini si kwa biashara.

Katikati, miaka ya 1926 na kuendelea, migodi ya makaa ya Wales ilikuwa imefungwa na watu walikuwa na haki ya kipande lakini hawakuwa na pesa ya mbegu. Wakristo wa kundi ya Quakers walianza kuwapa mbegu, viazi za kupanda na vyombo kwa bei ndogo. Haki bila mbegu, ni kuangalia udongo tu.

Leo? Orodha ingaliko, lakini inauliza anwani. Komine nyingi zinapokea wakaaji wao tu, zinaandika majina, na unangojea zamu. Kwa mahali zingine unangojea miaka mingi. Na katikati ya London, tangu sheria ya 1963, komine hazilazimishwi tena kutoa bustani. Pale penye watu wamebanana kabisa, na nyumba hazina kiwanja, njo pale haki ilikatwa. Barua ya watu sita haina nguvu pale.

Turudi kwetu, maana niliahidi "na yetu". Kwa Bushi, kabla ya cadastre na hati, kulikuwa na njia mbili kubwa za kupata shamba. Kalinzi: unatoa ng'ombe kwa mwami ao kwa mukubwa wake, unapata haki ya kudumu, unapanda ndizi, watoto wako wanarithi. Mwanamuke kwa kawaida hakuingia mle. Na bwasa: unakodi kwa msimu moja ao mbili, unalipa kwa mazao, kwa kazi ao kwa pesa, unapanda maharagi na mtama, mimea ya muda mufupi tu. Hapana ndizi, hapana kahawa, juu muti ni kama sahihi: mwenye kuupanda anaanza kuwa mwenye udongo. Wamama wengi walilima kwa bwasa, na wangali wanalima.

Kama mulisoma agronomi pamoja nami, munajua matokeo yake kwenye udongo. Nani atabeba samadi kwa kichwa kupanda mulima, ao kuchimba mitaro ya kuzuia erozyo, kwa shamba yenye itaweza kunyanganywa mwezi wa saba? Mradi zinakuja, zinatupa kazi ya kufundisha wale wamama mbolea ya mboji, zinashangaa juu gani "hawabadilishi mazoea". Hawana miezi 12. Wana msimu. Naona afadhali siku moja tufundishe mkataba mbele ya mboji.

Na sheria ya inchi? Ile ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ilisema udongo yote ni mali ya Serikali. Kwa mashamba yenye wanakijiji wanakaa na kulima kwa desturi, kifungu 389 ikaahidi kama haki zao zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Ile ordonansi ilingojewa miongo kwa miongo. Wakati ya kungoja, matajiri walienda kwa ofisi ya udongo na kutoka na hati ya vilima vyenye watu walikuwa wanapalilia asubuhi ile ile. Kule Uingereza ya 1845 walikuwa na neno na hawakuwa na ekari. Hapa wamama walikuwa na jembe ndani ya udongo, na neno ilikuwa ingali inakuja.