Kariakoo, Mtaa wa Wachukuzi

Nilizaliwa katika nyumba ya vyumba sita, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, Dar es Salaam. Nyumba hiyo haipo tena. Tuliiuza sisi wenyewe, watoto wa marehemu mama yetu, na sahihi yangu ni ya tatu katika hati ya mauzo. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa naandika kumlaumu mtu mwingine.

Jina la Kariakoo limetokana na vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, katika eneo ambalo Wajerumani walikwisha kulipanga liwe makazi ya Waafrika. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Nairobi nako iko Kariokor, na asili yake ni hiyo hiyo. Wapagazi walibeba risasi na vyakula vya majeshi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa na maradhi.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kuwa hata anwani yetu ilikuwa ya vita. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamuti ni mahali kusini mwa nchi palipopiganwa mwaka 1917. Sisi watoto tulitumwa chumvi Mtaa wa Mahiwa bila kujua kuwa tunakanyaga majina ya misiba ya babu zetu. Mjini iko sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka wapagazi pia, lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki. Mpagazi aliachiwa mtaa.

Utawala wa kikoloni ulitaka kila watu wakae na wenzao: Wazungu upande wa bahari penye upepo, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja uwe mpaka. Lakini huku kwetu mpango huo ulishindwa kuwatenga watu. Yasome majina ya mitaa mingine: Nyamwezi, Somali, Kongo, Pemba, Swahili. Ni kama daftari la wageni.

Nyumba yetu ilikuwa vivyo hivyo. Mama, Mzaramo, alikuwa mwenye nyumba, na wanawake wa namna yake hawakuwa wachache Kariakoo. Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani, Mnyamwezi. Mkabala naye alikaa mzee Mmanyema ambaye babu yake alitoka Kongo. Nyuma walikaa vijana wawili wa Kingoni, makuli wa bandarini, na mama mmoja Mdigo aliyekaanga vitumbua. Ukumbi ulipita katikati, baraza mbele, na uani jiko, choo na bomba moja. Kufagia kulikuwa kwa zamu. Mwarabu wa duka la pembeni alitukopesha unga na mafuta ya taa, akaandika katika daftari lake.

Usidhani palikuwa peponi. Watu waligombania ndoo bombani, na mama alipata kumtoa mpangaji mwenye mtoto mchanga kwa ajili ya kodi ya miezi miwili. Hata hivyo, baba alipofariki, fundi cherehani alilala juu ya jeneza akakataa maiti isitoke mpaka apewe haki yake ya utani, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mama, ambaye hakuwa amenyanyua uso tangu alfajiri, akacheka. Akapewa shilingi, akainuka, akawa wa kwanza kubeba.

Nadhani ndiyo sababu siasa ya taifa iliota mizizi hapa. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa New Street, Mtaa wa Lumumba wa leo. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma, alipita katika vikundi vya ngoma vya wanawake akawaingiza chamani. Watu waliokwisha kushirikiana bomba moja hawakuhitaji kufundishwa maana ya umoja.

Soko jipya, alilolisanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Kisha biashara ikalegezwa masharti miaka ya 1980, na ardhi ya Kariakoo ikapanda bei kuliko nyumba zilizosimama juu yake. Mama alipofariki tulikuwa warithi saba. Dada mkubwa alisema, "Mdogo wangu, baraza haligawanyiki kwa saba." Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikatia sahihi. Wapangaji tuliwapa miezi mitatu, na mama wa vitumbua, mzee sasa, hakuniuliza ataenda wapi. Nami sikumwuliza.

Juzi nilipita. Pana ghorofa la maduka, na mlangoni kijana alikuwa akishusha marobota ya nguo kutoka kwenye mkokoteni, shati limelowa jasho. Nilimwuliza ametoka wapi. Akanijibu, "Songea, mzee." Nikamwuliza analala wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa mbali, nje kabisa ya mji.

Mpagazi angali Kariakoo. Kitu kilichoondoka ni chumba chake, na mmoja wa waliokiondoa ni mimi.