Majina Yasiyohitajiwa na Mashine

Tunapofundisha istilahi za kompyuta, aghalabu tunasahau kwamba mashine yenyewe haihitaji majina. Mwandishi wa programu huita kigeu chake "mshahara". Kompaila ikishatafsiri, mashine hutumia anwani na tarakimu tu. Je, programu ikikwama, hitilafu itatafutwaje? Ndiyo maana kompaila huweka pia maelezo ya majina, aina za data na mistari ya msimbo chanzo.

Katika mifumo ya awali ya Unix, muundo ulioitwa stabs uliyachomeka maelezo hayo katika jedwali la alama la programu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na System V Release 4, ulizuka muundo wa DWARF, yaani kibete. Jina hilo ni utani juu ya ELF, muundo wa faili za programu. Wote wawili ni viumbe wa ngano za Ulaya. (Sijui kama waundaji istilahi wetu wangethubutu!)

Hata hivyo, maelezo yalibaki ndani ya faili ileile. Programu za C++ zilipokua, yaliweza kuuzidi msimbo kwa ukubwa, na kiunganishi kikalemewa. Toleo la 5 la DWARF, la mwaka 2017, likasanifisha faili za pembeni zenye kiishio .dwo, kiunganishi hupokea muhtasari na jina la faili husika. Faili hiyo ikipotea, programu hufanya kazi kama kawaida. Mtafuta hitilafu bado ataiona namba ya mstari, lakini "mshahara" hataupata.