Nairobi hadi New York: Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800. Safari ya moja kwa moja ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipa Kenya hadhi ya Daraja la Kwanza la usalama mwezi Februari 2017. Kabla ya hapo abiria walilazimika kubadili ndege Amsterdam, London, Dubai au kwingineko.

Kipimo hicho ni cha mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Mstari huo huelekea kaskazini-magharibi, ukapita Sudan Kusini na jangwa la Sahara, na nusu ya safari hutimia nchini Moroko, kabla ya bahari ya Atlantiki kuanza. Njia halisi huwa ndefu kidogo kutokana na hali ya hewa na maagizo ya waongozaji ndege.

Kwenda huchukua takriban saa 15, kurudi takriban saa 14. Tofauti hiyo husababishwa na pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi, ambazo huipinga ndege iendayo na kuisukuma irudiyo. Aidha, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hunufaika ikiruka usiku, wakati wa baridi.

Linalowatatiza wasafiri wengi zaidi ni saa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8, na kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele. Hivyo, mwezi Januari, abiria aondokaye Nairobi saa tano usiku hutua saa kumi na mbili asubuhi ya huko, ilhali jamaa zake nyumbani wako saa nane mchana. Akirudi, akiondoka New York saa sita mchana, atawasili Nairobi saa nne asubuhi ya siku ya pili.

Saa zote katika tiketi ni za mji husika, na siku huhesabiwa kuanzia saa sita usiku. Tiketi ya saa 00:30 tarehe 10 humtaka msafiri awe uwanjani jioni ya tarehe 9. Atakayefika jioni ya tarehe 10 atakuta ndege imekwishaondoka, na mara nyingi nauli hairejeshwi.