Chuo Kilichochelewa Miaka 14

Sisi wa Busia na Tororo tumekizoea Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kama jirani tu. Lakini kilitusubirisha! Nchi za Kiislamu ziliamua kukianzisha mwaka 1974, mkutanoni Lahore, Pakistan. Idi Amin akapinduliwa 1979, vita vikafuata, na milango ikafunguliwa Februari 1988, kwa wanafunzi 80 tu.

Miaka hiyo yote, kijana wetu aliyetaka elimu ya juu ya dini alifunga safari ya Sudan, Misri au Madina. Na binti je? Wazazi wangapi walithubutu kumpeleka mbali hivyo? Leo anapanda gari Tororo asubuhi, na kabla ya adhuhuri yumo darasani Mbale, alhamdulillahi.